Sifuri ya Simu na Sifuri ya Kompyuta

Swali ninaloulizwa na maprodyuza wachanga kuliko mengine yote ni hili: sauti ya kompyuta iwe juu na spika za studio ziwe chini, ama spika juu na kompyuta chini? Nikijibu kwa mstari mmoja ubishi unaanza, maana kila mtu ana binamu anayejua zaidi. Jibu langu ni kompyuta juu, spika chini. Lakini jibu bila sababu ni amri tu, na sababu ya hili ni historia. Inaanza na kampuni ya simu ya Marekani, inapitia Singapore na Finland, halafu inaishia kwa meza yako hapo Roysambu. Kwa hivyo wasee, wekeni chai, leo tunaenda mbali kidogo.

Nilisoma uhandisi wa umeme miaka miwili kabla ya kuachana na chuo. Miaka miwili tulikokotoa desibeli mpaka ndotoni, na hakuna mhadhiri hata mmoja aliyetuambia ilitoka wapi. Ilitoka kwa simu. Sauti ikisafiri kwa waya inafifia, na wahandisi wa Bell huko Marekani walikuwa wakipima kufifia huko kwa maili: sauti hii imepungua kama iliyopita maili 10 za waya wa kawaida, ile imepungua maili 20. Mwaka 1924 wakapata kipimo kisichotegemea waya wowote, na mwaka 1928 wakakipa jina la desibeli kwa heshima ya Alexander Graham Bell. (1928 ndio pia mwaka unaotajwa kwa kuanza kwa matangazo ya redio Nairobi, ingawa babu zetu hawakuwa kwa orodha ya wasikilizaji waliolengwa.)

Shika jambo moja hapo. Desibeli si kiasi, ni uwiano. Inasema kitu hiki ni mara ngapi ya kile. Ukisema "desibeli sifuri" bila kusema sifuri ya nini, hujasema kitu. Ni kama mtu akupigie simu akwambie "niko kilomita tatu" kisha akate. Tatu kutoka wapi? Ngori yote ya spika zako inatoka kwa swali hilo.

Miaka ya 1930 redio kubwa za Marekani zilikuwa zinatuma vipindi kutoka mji hadi mji kupitia laini za simu. Kila kampuni ilikuwa na mita yake ya kupimia nguvu ya sauti, na mita hizo hazikukubaliana. Fundi wa upande huu akisema "niko sawa", wa upande ule anaona mshale umelala ama umegonga ukuta. Mwishowe Bell Labs, CBS na NBC wakaketi meza moja, na mwaka 1939 ikatoka mita ya wote: mita ya VU, ile yenye mshale unaocheza taratibu, ambayo mpaka leo programu za muziki zinaichora kwa skrini ili zionekane za kizamani. Msingi wake ulikuwa miliwati moja ya umeme katika laini ya simu ya omu 600. Ukipiga hesabu unapata volti 0.775.

Sasa hapa kuna kitu ambacho nikikifikiria huwa nacheka peke yangu. Mita hiyo ikiunganishwa moja kwa moja kwa laini ilikuwa inaichafua sauti yenyewe. Dawa ikawa kuweka rezista ya omu 3,600 katikati. Lakini rezista nayo inameza umeme, kwa hivyo mshale ukawa haufiki sifuri mpaka laini iwe desibeli 4 juu ya ule msingi wa miliwati moja. Basi. Hiyo "+4" iliyochapishwa nyuma ya spika na vifaa vya studio dunia nzima, ambayo watu huitamka kama andiko takatifu la sauti ya kiprofeshono, ni matokeo ya rezista moja ya mwaka 1939. Kwa volti ni 1.23.

Na mita ya VU ilikuwa pole kwa makusudi. Ilichukua milisekunde 300 kufikia kiwango chake, kwa sababu ilitengenezwa isome sauti jinsi sikio linavyohisi. Pigo la ngoma linapita kabla mshale haujaamka. Mafundi walilijua hilo, kwa hivyo juu ya sifuri waliacha nafasi kubwa, kama desibeli 20 hivi, ya mapigo yasiyoonekana. Kwa hivyo sifuri ya simu ni usawa wa kawaida wa safari, kama spidi ya 80 kwa gari linaloweza kwenda 180. Juu yake kuna barabara bado.

Vifaa vya nyumbani vilichukua njia yao. Redio na kaseti za sebuleni hazikuwa na laini ya maili 200 ya kusukuma, na mtengenezaji alitaka sakiti rahisi. Kiwango chao kikakaa kwa −10, ambayo hupimwa kutoka volti moja, si kutoka miliwati ya simu. Ni volti 0.316, karibu robo ya ile ya studio. Ndiyo, umesoma vizuri: hata hizo namba mbili, +4 na −10, hazihesabiwi kutoka sehemu moja. Tofauti yake ya kweli si desibeli 14, ni kama 12.

Familia hizo mbili zingeishi mbali bila kusumbuana, lakini mwaka 1979 kampuni ya TEAC ikatoa Portastudio 144, mashine ya kurekodi nyimbo kwa kaseti ya kawaida, kwa kiwango cha nyumbani cha −10. Bruce Springsteen aliitumia chumbani New Jersey mwanzoni mwa 1982, na kaseti hiyo ndiyo ikawa albamu ya Nebraska mwaka huohuo. Watu husimulia hadithi hiyo kwa sababu ya mapenzi ya chumbani. Mimi naisimulia kwa sababu hapo ndipo sifuri ya sebule ilipoingia studio kwa mlango wa mbele, na tangu hapo vifaa vingi vikaanza kubeba swichi ndogo nyuma: +4 upande huu, −10 upande ule.

Mwaka huohuo wa 1982, Sony na Philips wakaleta CD sokoni, na sifuri ikageuka kabisa. Ndani ya CD sauti ni namba. Biti 16 zinakupa hatua 65,536, na zikiisha zimeisha. Wahandisi wakaiita namba ya juu kabisa sifuri, na kila kitu kingine kikahesabiwa kushuka chini. Sifuri ya kompyuta basi ni dari. Ukiigonga hakuna nafasi ya juu, mawimbi yanakatwa vichwa na sauti inakwaruza. Yaani neno moja, sifuri, upande mmoja linamaanisha "endelea hivyohivyo" na upande mwingine "simama, ukuta!"

Je, sifuri ya simu ikae wapi chini ya dari hilo? Hapo pia hawakuelewana. Wamarekani wakasema −20. Matangazo ya Ulaya yakasema −18. Nyumbani hakuna aliyesema chochote.

Kisha ikaja kadi ya sauti, na hii haikuzaliwa studio hata kidogo. Creative ya Singapore ilitoa Sound Blaster mwaka 1989 ili michezo ya kompyuta iache kulia "pip pip". Kadi za kwanza zilikuwa na amplifaya kidogo ndani na kigurudumu cha sauti nyuma, cha kulisha spika ndogo za mezani. Hakuna aliyewaza kuhusu mita za redio, na hakukuwa na haja. Lakini kadi hizo ndizo mababu wa kompyuta zetu, na ndiyo maana dari moja la kidijitali linatoka nje likiwa na nguvu tofauti kabisa kutegemea mashine. Tundu la hedifoni la laptopu nyingi hutoa karibu volti moja. Deki ya CD ya nyumbani hutoa 2. Mashine ya studio iliyopangwa kwa ule mtindo wa Kimarekani hutoa zaidi ya 12. Wimbo uleule, namba ileile, halafu spika yako ndiyo inatakiwa kukisia imeunganishwa na nani.

Na spika zenyewe je? Mwaka 1976, redio ya taifa ya Finland, Yleisradio, ilikuwa inajenga jumba jipya Helsinki na ikataka spika za kusikilizia zenye amplifaya ndani yake. Ilpo Martikainen na Topi Partanen wakaanza kazi hiyo, na mwaka 1978 wakafungua kampuni ya Genelec huko Iisalmi. Wazo lao lilikuwa zuri sana. Badala ya amplifaya moja kutuma umeme kwa spika nzima na kuugawa huko ndani, unagawa sauti kwanza, besi kando na sauti kali kando, kisha kila upande unapata amplifaya iliyopimwa kwa ajili yake. Spika nyingi zenye umeme wake ambazo wasee wananunua leo, za Luthuli hadi za kuagiza, zinafuata wazo hilo.

Lakini angalia kile kidude cha kurekebisha kiko wapi. Kiko nyuma. Unakifikia kwa kuinama na kupapasa kama mtu anayetafuta soketi gizani. Si kwamba mtengenezaji ni mkatili. Kwa jumba la redio, fundi anakiweka mara moja siku ya kufunga spika, kisha hakiguswi tena. Sauti ya kusikiliza kila siku inaongezwa na kupunguzwa kwa miksa kubwa iliyo mbele ya fundi, ambayo ina kidude chake maalum cha kazi hiyo.

Hii ndiyo hoja yangu leo, na sijaona watu wakiisema waziwazi: miksa ilikuwa mtu wa katikati, na sisi tumemfukuza bila kumwandikia barua. Miaka ya 1990 na 2000 kompyuta ikaimeza miksa. Hata huku kwetu genge ilitoka kwa studio ndogo za mtaani, si kwa jumba la redio. Nafurahia hilo kabisa, bila hilo mimi nisingekuwa na kazi. Ila alipoondoka mtu wa katikati, kompyuta iliyozaliwa kwa michezo na spika iliyozaliwa kwa redio zikabaki zinatazamana, kila moja na sifuri yake, na katikati yupo kijana wa miaka 19 aliye na kipanya mkononi.

Anafanya nini? Anafungua spika mpaka mwisho, kwa sababu amelipia na anataka thamani ya pesa zake. Kisha kompyuta inakuwa kubwa mno, anaishusha hadi 8 kwa 100. Inasikika sawa, kwa hivyo anaona amemaliza.

Zamani hilo lilikuwa kosa la hesabu. Kila desibeli 6 unazoshusha ndani ya kompyuta zinakula biti moja, na ukiwa na biti 16 tu unajikuta unasikiliza muziki uliobaki na biti 10. Leo si tatizo kubwa hivyo. Windows tangu Vista ya 2007 huchanganya sauti kwa hesabu za biti 32, na intafesi nyingi hutoa biti 24. Mtu akikutisha na habari ya biti zinazopotea, mwambie asome kalenda. Tatizo la leo ni la umeme na la mwili. Spika ikiwa wazi kabisa inakuza kila kitu kinachopita kwa waya: mvumo wa chaja, vijikelele vya kipanya kikisonga, ule mchirizo wa "sss" usiku wa manane. Na inasubiri. Siku programu ikikwama ikatoa mlio kwa dari, ama kompyuta ikijiwasha upya na kurudisha sauti kwa 100, hakuna kinachosimama kati ya ukuta huo na masikio yako.

Rafiki yangu mmoja alipatwa na hilo akiwa ameinama karibu na spika akifunga kebo. Sikio lake la kulia linalia mpaka leo, mlio mmoja mwembamba, usiku zaidi kuliko mchana. Ana miaka 23 na kazi yake ni kuchanganya sauti. Kwa kiwango cha usalama kazini cha NIOSH ya Marekani, desibeli 85 unaruhusiwa masaa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Kwa 94 ni saa moja. Kwa 100 ni dakika 15. Bedsita ya futi 10 kwa 10 haihitaji spika kubwa kufika huko.

Halafu kuna hasara isiyo na mlio. Mwaka 1933, Harvey Fletcher na Wilden Munson wa Bell Labs (ndio, watu wa simu tena) walionyesha kwamba sikio halisikii besi vilevile kwa kila kiwango. Sauti ikiwa chini, besi inapotea kuliko sauti za kati. Sasa fikiria mtu ambaye kila siku anaketi na kiwango tofauti kwa sababu vidude vyake vitatu, cha programu, cha kompyuta na cha spika, havijawahi kukaa sehemu moja siku mbili mfululizo. Akifanya kazi kimya kimya usiku ili jirani asigonge ukuta, anaongeza besi. Wimbo ukipanda matatu, besi inameza sauti ya mwimbaji na makanga anahama kwa wimbo unaofuata. Kijana mmoja wa Githurai aliniletea wimbo wa namna hiyo mwaka jana. Alikuwa ameshalipa studio fulani kuuchanganya, akalipa tena kwangu. Wimbo haukuwa na kasoro. Aliyeuchanganya hakuwa na sehemu ya kusimama.

Watu wa sinema walipata sehemu ya kusimama zamani. Miaka ya 1970 Dolby walieneza utaratibu kwamba chumba cha kuchanganyia filamu na ukumbi wa kuonyeshea vipimwe kwa kelele ileile hadi kiwango kilekile, desibeli 85, ili alichosikia fundi ndicho asikie mtazamaji. Mwaka 2000 Bob Katz akawaomba watu wa muziki waige hilo kwa mfumo alioupa jina la K. Watu wa muziki, kwa sehemu kubwa, walipuuza na kuendelea kushindana nani ana CD yenye kelele zaidi. Naona walikosea, na sisi wa vyumbani ndio tungefaidika zaidi, kwa kuwa ndio hatuna miksa.

Kwa hivyo nifanye vipi? Weka sauti ya programu kwa sifuri yake na ya kompyuta kwa 100. Kama una intafesi, kidude chake cha mbele ndicho miksa yako sasa. Kiweke kama saa nane hivi ya saa ya ukutani, ubaki na nafasi juu na chini. Kama huna intafesi na unatoka kwa tundu la hedifoni, swichi ya spika iwe −10, maana hiyo volti moja ni mtoto wa sebule. Kama una intafesi yenye kebo za nyaya tatu, weka +4. Kidude cha nyuma ya spika kianze chini kabisa. Cheza kelele ya waridi, ile inayovuma kama mvua kwa mabati, iliyorekodiwa kwa −20, spika moja kwa wakati. Shika simu yenye programu ya kupimia sauti pale kichwa chako hukaa. Pandisha kidude cha nyuma polepole mpaka simu isome 74 hivi. Sinema wanatumia 85 kwa ukumbi. Chumba chako ni kidogo na kuta ziko karibu, 85 humo itakuchosha kabla ya korasi ya pili. Simu si kipimo cha maabara, inaweza kukosea desibeli kadhaa, lakini itakosea vilevile kwa spika zote mbili, na hilo latosha kuzilinganisha.

Kisha chukua kipande cha selotepu ubandike nyuma ya kila spika na uchore mstari kwa kalamu. Mstari mwingine kwa kidude cha intafesi. Ukitaka kusikia kwa nguvu kidogo wageni wakija, zungusha cha mbele, kisha kirudishe kwa mstari. Vya nyuma havihusiki.

Na kwa kuwa tuko Kenya: stima zikipotea, zima spika kabla zirudi. Zikirudi, washa kompyuta kwanza, subiri ikae sawa, intafesi ifuate, spika ziwe za mwisho. Ukizima, spika ziwe za kwanza.